Hiyo Ipi?

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imepita tena kwenye bati la kibanda changu cha cherehani. Suruali ya mwalimu mkuu imelowa kabla sijaitia zipu. Basi. Jumamosi nagombea uenyekiti wa soko, maana mwenyekiti ndiye anayegawa vibanda. Mpinzani wangu ni kinyozi, mtu wa mdomo tu. Mimi nimesoma. Nina nusu nzima ya kitabu cha mantiki. Nusu ya pili muuza karanga alishafungia karanga.

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua siri ya wanasiasa wote. Uongo hujificha nyuma ya “kwa hiyo”. Kinyozi kawaambia wauza mboga kwamba marehemu baba yake alikuwa mwenyekiti, kwa hiyo naye anafaa. Nikauliza kwa sauti, hiyo ipi? Baba yake alizaa mapacha pia, mbona yeye hana? Soko zima likacheka.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu kasema mkaa umepanda bei, kwa hiyo leo ni kiporo. Nikamuuliza hiyo ipi. Akasema hiyo hapo, baba watoto, akafunika sufuria. Nimeshinda na njaa, lakini hoja yake ilikuwa na tundu.

Jumamosi, 9 Machi
Uchaguzi. Hotuba yangu haikuwa na “kwa hiyo” hata moja, nani angeitoboa? Nikasema mabati yanavuja. Nikasema fundi cherehani anajua kupima. Nikasema nimetembea miji saba. Nikakaa. Wakapiga makofi, kisha wakaendelea kunitazama. Bibi muuza ndizi akauliza, sasa mwanangu, unataka tukufanyie nini? Nikamwambia hitimisho ajaze mwenyewe. Kinyozi akasimama akasema nipeni kura. Wakampa.
Nimepata kura mbili. Mke wangu anaapa ya pili si yake.

Jumapili, 10 Machi
Mwenyekiti kinyozi kaja kibandani, mpole kabisa. Kasema kaka, wewe fundi mzuri, hapa panavuja, kwa hiyo hamia kile cha kona, kikavu.
Nikamdaka palepale. Hiyo ipi? Uzuri wa fundi unahusiana nini na mvua? Na wanaovujiwa ni wengi, kwa nini mimi? Nikamchambua mpaka jasho likamtoka. Mwishowe akakubali kwamba kweli hoja yake haifuati, nimemshinda. Kona akampa muuza chumvi.
Naandika haya chini ya mwavuli. Mke wangu hasemi nami tangu mchana. Hana hoja.