Barua Bila Salamu

Jumatatu, 9 Februari

Balaa! Mwalimu mkuu ametangaza mbele ya walimu wote: Alhamisi anakuja mkaguzi kuona jinsi lugha ya nyumbani inavyoingia kwenye Kiingereza cha wanafunzi. Kwenye darasa langu inaingia bila hodi! Wakiandika barua ya kuomba kazi, kwanza wanamjulia hali meneja, mke wake, watoto na wakwe. Kazi yenyewe inaombwa mstari wa mwisho, kwa aibu. Nikiboronga, darasa anapewa Mwalimu wa Historia, yule anayeongea Kiingereza cha puani, na mimi napewa usimamizi wa vyoo. Tulipotoka kikaoni akanipa pole mapema. Mnafiki!

Jumanne, 10 Februari

Dawa imepatikana. Nimeandika barua ya kuomba kazi, kavu, haina hata salamu moja. Darasa zima litaikariri. Mke wangu ameuliza kama nimeajiriwa kufundisha watoto au kasuku. Nimemwambia ashughulike na cherehani yake. Nimejipakulia mwenyewe, chakula kimepoa.

Jumatano, 11 Februari

Wote wameishika, isipokuwa Chiriku, binti wa dawati la mbele asiyejua kunyamaza. Anasema kumwandikia mtu bila kumjulia hali ni sawa na kuingia chumbani kwake na viatu vya matope. Nimemshauri kesho aumwe. Amesema haumwi.

Alhamisi, 12 Februari

Nimekwisha! Mkaguzi, mama mpole wa miwani, hakutaka barua ya kazi. Aliwaambia wamwandikie rafiki ambaye mama yake amelazwa hospitali. Kalamu zikaenda mbio mno. Nikajua. Darasa zima limemwarifu huyo rafiki kwamba ni wachapakazi, wana uzoefu, na wako tayari kuanza mara moja. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akasoma upya. Mwalimu wa Historia yuko dirishani, meno yote nje.

Kisha mkaguzi akaifikia ya Chiriku. Alikuwa amemjulia hali rafiki, bibi yake, wadogo zake, mpaka jirani anayewapikia mama akiwa hayupo, ndipo akauliza mgonjwa ameamkaje. Mkaguzi akasema makosa yapo na yanarekebishika, lakini hii ndiyo barua pekee iliyoandikwa na mtu. Adabu ya nyumbani isifutwe, watoto wafundishwe tu pa kuiweka. Akauliza nani kamfundisha. Nikasema mimi! Chiriku akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza. Mungu ambariki mtoto yule!

Ijumaa, 13 Februari

Darasa bado langu! Nimelala fofofo. Mwalimu mkuu kanipa mkono, Historia kapita kama hanioni. Raha iliyoje! Mkaguzi atarudi muhula ujao, nami sijapoteza muda. Nimeiandika barua ya Chiriku ubaoni na darasa zima linaikariri, pamoja na salamu za jirani. Chiriku anauliza itakuwaje mkaguzi akitaka barua ya kazi. Nimemwambia aache uchuro.