Sikuzama, Nimefungua Barabara

(Hotuba ya Mheshimiwa Saif bin Mattar, Mkurugenzi Mkuu wa Barabara za Mchangani, Wilaya ya Ramlat Ghafa, aliyoitoa saa sita mchana akiwa amesimama juu ya boneti ya gari lake.)

Mzee wetu Suwailim, uliyeketi hapo juu ya mkeka na birika lako la kahawa. Waheshimiwa wafugaji mliokuja na ngamia, na waheshimiwa wafugaji ambao ngamia wenu wamekataa kuja. Wadau wa mbuzi. Kina mama wa barakoa na kina mama wa pikapu. Wawakilishi wa vilima vyote viwili, cha kulia na cha kushoto. Wageni wangu wakubwa kutoka Maskati, ambao bado hawajafika lakini heshima yao imeshafika. Dereva wangu Zahran, ambaye nimemwagiza akae kivulini mwa gari na asizungumze na mtu. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa na ajisikie vizuri kabisa. Assalamu alaykum! (Wanaitikia. Honi ndefu inapigwa kutoka mbele.)

Kimsingi, kabla sijaingia katika kiini cha hotuba, nitoe ufafanuzi kuhusu uvumi unaosambazwa hapa na watu wasioitakia mema wilaya yetu, kwamba gari la Mkurugenzi Mkuu limezama. Gari halijazama. Kuzama ni tukio la bahati mbaya, halina bajeti wala kamati, ilhali hili mnaloliona mbele yenu, la magurudumu manne kuingia ardhini hadi tumbo la gari likakalia mchanga, ni uwekaji wa jiwe la msingi, uliofanyika kwa weledi mkubwa, magurudumu yote kwa pamoja, bila upendeleo wowote kati ya lile la mbele na lile la nyuma. (Kicheko. Sauti ya mwanamke: "Toa upepo!") Asante, mama. Nimependa kauli mbiu hiyo, tutaifanyia kazi.

Nimpongeze pia Mzee Suwailim kwa kudumisha mila. Aliponikuta nimekaa kwenye usukani na mchanga umefika mlangoni, hakuropoka kama wengine. Alinisalimu, akanipa mkono kupitia dirishani, akauliza kama babu zetu walivyouliza: "Habari?" Nikajibu kama babu zetu walivyojibu: "Hakuna habari." Akauliza mara ya pili: "Habari?" Nikasema, "Hakuna habari, alhamdulillahi." Sote tunafahamu kwamba mara mbili za mwanzo ni adabu tu, na mara ya tatu ndipo mtu husema lililopo, awe kafiwa, awe kapotelewa na ngamia, na anayedanganya mara ya tatu, basi huyo aibu yake haifutiki hata akihamia ng'ambo. Sasa kabla mzee hajauliza mara ya tatu, ratiba ikanilazimu kupanda boneti na kuanza hotuba. Naye kwa ustaarabu wake akatandika mkeka, na anangoja zamu yake. (Mzee Suwailim anainua kikombe: "Nangoja, mwanangu. Mimi sina haraka." Mwanamke: "Wewe huna, baba! Moza anayo!")

Aliyesema hayo ni Bi Thuwaiba, binti wa mzee, ambaye pikapu yake mnaiona imesimama pua kwa pua na gari langu katika Mlango huu, kati ya vilima viwili, ambao nakubali ni mwembamba na ndiyo njia pekee ya kutoka. Nimearifiwa kwamba nyuma ya pikapu hiyo, juu ya godoro, yumo binti yake Moza, ambaye yumo katika mchakato wa kujifungua, na kwamba walikuwa wanamuwahisha hospitali, kule lami inakoanzia, nilipowatokea kwa mbele na kuwafungulia barabara. Ofisi yangu inalitambua suala hilo, imelipokea kwa uzito unaostahili, na inalifanyia kazi. (Bi Thuwaiba: "Unalifanyia kazi kwa mdomo? We Saif, mtoto anakuja! Shuka upunguze upepo kwenye hizo tairi, gari lipande, tupite!" Makofi.) Asanteni kwa makofi.

Na kwa kuwa tairi zimetajwa, nizungumzie tairi. Hizi ni tairi za lami, mabibi na mabwana. Zitazameni zinavyong'aa, yaani zile sehemu ambazo bado zinaonekana. Jana nilisimamia mwenyewe zikipakwa mafuta. Wapo wataalamu wa vibarazani wanaodai kwamba ukiingia kwenye mchanga laini na tairi za namna hii, eti upunguze upepo mpaka karibu nusu, tairi ilale, itandaze tumbo kama wayo wa ngamia, gari lipite juu juu. Hoja hiyo nimeisikia, nimeitafakari, nimeiundia kamati ndogo, na jibu langu ni swali: tangu lini Mkurugenzi Mkuu akaonekana mbele ya wananchi na tairi legelege? Kule kituo cha mafuta niliagiza ziongezwe, zikajaa zikawa ngumu hata ukitaka kupiga ngoma juu yake unapiga, kwa sababu barabara hufunguliwa kwa hadhi kamili na upepo kamili! (Sauti: "Na kichwa nacho kilijazwa hapo hapo?" Kicheko kirefu. Honi.)

Wapo pia wanaouliza nani alikuwa anaendesha. Niliendesha mimi. Zahran aliniambia kwa heshima, "Mheshimiwa, hapa usisimame, mchanga wa mchana ni laini kama unga." Nikasimama, ili nipigwe picha. Akaniambia, "Ukiondoka ondoka taratibu, na usikate usukani ghafla." Nikaondoka kwa kishindo na kukata usukani, ili niwapungie mkono wananchi, ambao baadaye nilitambua kuwa ni mbuzi. Akaniambia, na hapa sauti yake ilipanda isivyostahili, "Mheshimiwa, acha mafuta, magurudumu yanachimba!" Nikaongeza mafuta, kwa kuwa katika utumishi wangu wote sijawahi kukutana na tatizo nikalipunguzia nguvu. Tathmini ya awali inaonyesha kwamba kasi ya magurudumu ilipanda kwa asilimia mia tatu, na kasi ya gari ikatulia kwenye asilimia sifuri, maana yake ni kwamba wilaya hii ina akiba kubwa ya nguvu ambayo bado haijatumika. (Zahran, kutoka kivulini: "Na klachi pia haijatumika, Mheshimiwa. Imeungua nusu.") Zahran, nilikuagiza nini?

Sasa nije kwenye Barabara yenyewe ya Umoja, Ustawi na Mchanga. Itakuwa na njia nne, mbili za kwenda, mbili za kurudi, na ya tano ya viongozi, ya kwenda tu. Itakuwa na taa za jua, ambazo zitawaka mchana, jua linapokuwepo. Itakuwa na mzunguko wenye sanamu ya birika la kahawa, kubwa kuliko birika la wilaya jirani, hilo nimelipima mwenyewe. Itakuwa na vivuko ambapo ngamia atabonyeza kitufe na kusubiri. (Sauti: "Kitufe atabonyeza na nini?") Semina zitatolewa. Na ninayo furaha isiyo kifani kuwatangazia kwamba mradi huu umefikia asilimia tisini na nane nukta saba ya utekelezaji! (Sauti: "Uko wapi?") Umeukanyaga, ndugu yangu. ("Huu mchanga!") Hilo ni tabaka la juu. ("Na chini yake?") Mchanga. Hilo ni tabaka la chini. Uimara wa barabara, kitaalamu, ni tabaka zake kuelewana. (Moza anapiga ukelele kutoka kwenye pikapu. Wanawake wanakimbilia huko.)

Naomba... naomba kelele zipangwe, zije mwisho wa aya. (Bi Thuwaiba: "Aya? Aya! Jamani, huyu mtu ana mama kweli?" Anatema kokwa ya tende kiganjani na kuchuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akiikandamiza kwenye tundu la upepo. Ssssss.) Nawashukuru wananchi wanaoomba ukimya. (Ssssss. Wanaume watatu nao wanachuchumaa, kila mmoja na kokwa yake. Wengine wanachimba kwa sahani za halua.) Kama nilivyokuwa nikisema, kuhusu suala la uwazi na uwajibikaji, mbona nahisi jukwaa linashuka? Zahran! Hao wanafanya nini kwenye tairi za serikali? Bi Thuwaiba, ondoa tende kwenye mali ya umma! (Bi Thuwaiba: "Kaa chini, utaanguka!") Mkurugenzi Mkuu hakai chini wakati wa hotuba. Nasema hivi, mbele ya vilima hivi viwili, kwamba sitapunguza, sijapunguza wala sijapata kupunguza chochote katika... Zahran, unaingia wapi? Nani kakuruhusu ushike huo usukani?

(Gari linanguruma kwa sauti ya chini. Tairi zimelala mchangani, pana na nyonge. Watu: "Sukuma! Yallah, sukuma! Taratibu, Zahran, usiipe mafuta mengi!" Gari linajinasua na kuanza kurudi nyuma polepole, Mheshimiwa akiwa juu yake.)

Mabibi na mabwana! Kama mnavyojionea kwa macho yenu, tunasonga! Wilaya inasonga! Tunasonga upande wa nyuma, lakini ni usongaji ule ule, na wanaobeza waandike kwamba leo, chini ya uongozi wangu, Zahran, polepole! Kilemba changu! Zahran! (Amekaa kitako, ameshika waipa kwa mikono miwili. Kilemba kimedondokea ukingoni mwa boneti. Mlango wa vilima uko wazi. Pikapu inapita pembeni yake. Bi Thuwaiba, sasa kwenye usukani wake, ananyoosha mkono dirishani na kukiokota bila kusimama: "Hiki kitafaa kumfungia mtoto!" Vigelegele. Watu wote wanaikimbilia pikapu, wanaisukuma kwenye mwinuko wa mwisho wa mchanga. Zahran naye anaruka kutoka garini na kwenda kusukuma.)

Asanteni. Asanteni kwa mwitikio huo. Ukweli nimeguswa sana. Nitaendelea na sehemu ya pili ya hotuba, inayohusu mafanikio yangu nikiwa bado mdogo. (Anaendelea kwa muda mrefu. Kivuli cha kilima kinafika kwenye boneti.) Na sasa, tunapofikia tamati, naomba sote kwa sauti moja tuseme kauli mbiu za wilaya. Nikisema barabara, mnasema oyee! Barabara! (Kimya.) Upepo kamili! (Kimya. Mbuzi mmoja anakohoa.) Wageni wa Maskati! (Kimya.) Naona wengi wamekwenda kutekeleza. Ni jambo jema.

(Amebaki Mzee Suwailim peke yake juu ya mkeka. Simu yake inalia. Anasikiliza, anafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Wamewahi," anasema. "Mtoto kazaliwa wanaingia tu mlangoni mwa hospitali. Wa kike. Mama na mwana hawajambo. Amefungwa kile kilemba chako, Thuwaiba anasema mtoto amekuwa bonge la Mkurugenzi.")

Mzee, nina... nimefurahi. Nimefurahi sana, wallahi. Liingizwe katika taarifa ya mradi, mtumiaji wa kwanza wa Barabara ya Umoja, Ustawi na Mchanga. (Mzee Suwailim anamimina kahawa kidogo katika kikombe, anakiweka ukingoni mwa mkeka. "Sasa zamu yangu," anasema. "Mara mbili nilishauliza. Habari ya barabara, mwanangu?")

Mzee Suwailim, suala hilo ni mtambuka, na linahitaji muktadha mpana wa... (Mzee anangoja.) Kuna wadau, kuna michakato, kuna upembuzi yakinifu ambao... (Mzee anangoja.) Mzee, kwani lazima uulize leo? Huwezi kuuliza hata kesho, kwa barua? (Mzee anangoja. Kahawa inapoa.)

Basi, mabibi na mabwana ambao hampo, namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wahandisi wa barabara hii, ambao sikupata kuwaajiri. Nawashukuru mafundi, ambao hawakuja kwa kuwa hawakuitwa. Nawashukuru wageni wa Maskati, ambao sikuwaalika, kwa kuwa wangekuja. Naushukuru mstari wa kijani kwenye ramani iliyo ukutani mwa ofisi yangu, nilioupiga mwenyewe kwa rula, na nikaupenda, na kila aliyeuliza nikamwonyesha. Mzee wangu, umeniuliza mara ya tatu, na mimi ni mtoto wa hapa. Hakuna barabara. Haikuwepo, haipo, hata jina lake nililitunga leo njiani, kabla ya kuzama. Nilizama, mzee. Ahsante kwa kunisikiliza.

(Mzee Suwailim anaimwaga kahawa iliyopoa, anamimina nyingine ya moto. "Hiyo sasa ndiyo habari," anasema. "Shuka, mwanangu. Upepo umetoka.")