Mbegu Niliyompa Mama Anjela

Leo nimeumbuka. Tuliokuwepo ni jirani yetu Mama Anjela, mdogo wangu Salome, na mimi. (Mbwa wa Mama Anjela pia, lakini huyo hatasimulia.)

Msimu uliopita, kona moja ya shamba letu hapa kijijini Mbingu ilitoa mpunga mzito hadi unalala. Nikachagua masuke makubwa kuliko yote, nikayafanya mbegu. Nikamwambia Mama Anjela, "Hii ni ya ukoo mwingine kabisa." Akanipa gunia lake la mpunga wa chakula, nami nikampa debe la mbegu. Tukapatana: ikizaa kama mpunga wake wa kila mwaka, nirudishe gunia. Nilikubali upesi. Ndani hapakuwa na chakula, na tangu wazazi wafariki, anayemlisha Salome ni mimi.

Leo tumevuna kwake. Jaruba moja mbegu yangu, jaruba la pili mbegu yake. Masuke yamefanana kama mapacha.

"Mwanangu," akasema kwa upole (upole huo ndio ulionitisha), "huo ukoo mwingine uko wapi?"

"Mama, udongo wako umechoka. Njoo kwangu uone."

Tukaenda. Kwenye kona yangu mpunga umefika kifuani. Nikaunyooshea mkono kama mbunge anayezindua daraja.

Salome akatazama pembeni. Mchicha uliojiotea wenyewe umefika kiunoni.

"Kaka, na mchicha nao ni mbegu yako?"

Mama Anjela akachota udongo, mweusi tii. "Si hapa wale wafugaji walikuwa na zizi?"

Ndipo hapo hapo. Ng'ombe walilala pale miaka mingi, samadi ikafanya kazi, mimi nikaisifu mbegu. Tena masuke mafupi ya kona ile ile niliyaruka, sikutaka kuyaona.

Watu husema Salome amerithi akili za baba, ndiyo maana anafaulu sekondari. Mimi ni wa baba huyo huyo. Niliacha shule darasa la sita ili yeye asome. Sijui wanaotulinganisha huwa wanapima nini.

Mama Anjela alicheka mpaka akakaa kwenye tuta. Kisha akafuta machozi. "Maneno yako nimekusamehe, mwanangu. Gunia hapana. Na mimi nina watoto."

Gunia lenyewe tulishalila. Anayetaka kunicheka aje, ila aje na debe la mpunga mkononi.