Nyekundu au ya Kijani

Jumatatu, 8 Julai 1996

Zimefika! Baiskeli mbili za milimani, dukani kwa Bi Mwanatumu. Zina gia. Zina springi kwenye foki ya mbele. Voi haijapata kuona kitu kama hicho. Moja ni nyekundu, imebandikwa radi za manjano kila upande. Nyingine ni ya kijani, kijani kile cha bwawa lililosahauliwa. Barazani watu wamejaa kana kwamba kuna harusi.

Mimi nahitaji moja, na si kwa raha. Asubuhi alipita studio kwangu Mwalimu Margaret, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko Mghange. Amesema Ijumaa anataka picha za darasa la nane. Atakayefika kabla ya mapumziko ya saa nne atapewa kazi ya shule yote, mwaka mzima. Amesema amechoka na wapiga picha wanaofika watoto wakiwa wameshakwenda nyumbani. Hakutaja jina. Alikuwa akiniangalia tu.

Kazi ya mwaka mzima! Studio yangu haijaona mteja tangu Pasaka, isipokuwa yule aliyeingia kuuliza njia. Nikiikosa kazi hii nitarudi kuchunga mbuzi wa baba, na mbuzi wale hawanipendi.

Tatizo ni kwamba alipotoka kwangu Mwalimu alivuka barabara moja kwa moja hadi kwa Crispus. Crispus ana studio inayotazamana na yangu. Pazia lake limechorwa ndege ya abiria. Langu lina maporomoko ya maji, ila fundi aliyapaka yakipanda juu.

Jioni nikamkuta Crispus huyo huyo dukani, akibonyeza tairi za baiskeli kama mtu anayechagua nyanya. Adui.

Jumanne, 9 Julai

Nimezijaribu zote mbili. Bi Mwanatumu amekubali niziendeshe mpaka msikitini na kurudi, lakini niache viatu vyangu dukani. Nikauliza kwa nini viatu. Akasema mtu asiye na viatu haendi mbali. Ana akili za kutisha yule mama.

Pedeli zina meno. Nyayo zangu ni mashahidi.

Ya kijani: nzito. Gia kumi na nane. Ina keria nyuma ya kufungia mizigo, kama baiskeli ya muuza maziwa. Nilipobana breki ilisimama pale pale.

Nyekundu: nyepesi kama nyoya. Gia ishirini na moja! Nani ana matumizi ya gia ishirini na moja? Mimi. Haina keria, maana keria ingeziba radi. Nilipobana breki ilisimama pia, baada ya kufikiria.

Nikamwuliza Bi Mwanatumu mbona springi ziko mbele tu na nyuma ni chuma kitupu. Akasema, "Nyuma Mungu alishakupa za kwako, mwanangu." Watu barazani wakacheka sana kupita kiasi.

Bado sijaamua. Kichwa kinasema ya kijani. Moyo unasema radi. Nimekunywa chai nikafikiri, nikanywa nyingine. Kisha likanijia jambo la maana zaidi: itakuwaje Crispus akiiwahi nyekundu? Hapo hapo nikajua kwamba naitaka nyekundu.

Jumatano, 10 Julai

Leo nimetumia ubongo.

Nimemwalika Crispus kibandani kwa chai na mandazi. Nimemwambia, kwa uchungu wa mtu anayemtakia mwenzake mema, kwamba nyekundu ni ya watoto wa watalii. Nimemwambia rangi nyekundu huwakasirisha ng'ombe, na njiani kule Werugha kila boma lina ng'ombe wa maziwa. Nimemwambia ya kijani ndiyo baiskeli ya mwanamume mwenye kazi yake. Alinisikiliza kwa makini. Alinishukuru. Mandazi alilipa yeye.

Saa nane mchana akainunua ya kijani!

Ushindi! Nikaenda dukani huku nikicheka peke yangu. Bi Mwanatumu akauliza nacheka nini, nami nikashindwa kujizuia nikamwambia. Akasema Crispus aliichagua ile ya kijani tangu juzi, na leo alirudi tu kuuliza kama ina kengele. Nimeamua kutoamini.

Nyekundu sasa ni yangu. Tumepatana. Desemba nitapiga picha za harusi ya binti yake, Rayhana, siku zote tatu, bure, na redio yangu inakaa dukani kwake mpaka hapo. Wakati wa kunikabidhi alishika usukani kidogo, akasema ningekuwa mwanawe wa kunizaa angenikataza. Nikamwambia asante.

Alhamisi, 11 Julai

Siku ya mazoezi. Cheni imetoka mbele ya soko. Ikatoka tena mbele ya stesheni, mahali ambapo watu hawana la kufanya ila kutazama cheni za wenzao. Springi ni laini mno. Nikikanyaga kwa nguvu, baiskeli inainama mbele kama inasujudu. Haidhuru. Adabu ni kitu kizuri.

Jioni Crispus akanifikia, taratibu, anapiga kengele. Amefunga begi la kamera kwenye keria kwa mipira, safi kabisa. Akaniuliza kama tungeenda pamoja kesho. Eti kuna lori la dereva Makau linalopanda tupu asubuhi kufuata kabichi, na Makau hana neno kutupakia sisi na baiskeli zetu.

Nikamwambia nina mipango mingine. Lori! Mtu ananunua baiskeli ya milimani halafu anaupanda mlima kwa lori! Nilimwonea huruma.

Mpango wangu: niondoke kabla hakujakucha. Kamera nitaivaa kifuani, imeviringwa kwa sweta mbili, maana radi hazikuacha pa kuifunga.

Ijumaa, 12 Julai

Naandika nikiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Mghange. Nimevaa koti la mlinzi wa shule. Nieleze kwa utaratibu.

Kutoka Voi mpaka Mwatate nilikuwa mfalme. Barabara tambarare, mkonge umesimama kama askari wa gwaride, jua linachomoza mgongoni. Niliimba. Nilimpita mtu na baiskeli yake kuukuu ya Black Mamba amebeba magunia mawili ya makaa, nikapunga mkono.

Halafu mlima ukaanza. Nikatafuta gia nyepesi. Nilikuwa nazo ishirini na moja, lazima mojawapo ingenifaa. Nikasukuma kile kijiti cha kubadilishia, kikatoka chote, kikabaki mkononi mwangu kama jino. Cheni ikaganda kwenye gia nzito kuliko zote.

Nikashuka. Nikasukuma. Yule wa makaa akanipita.

Kona ya tatu nikasikia lori. Crispus amekaa nyuma juu ya magunia matupu, ameegemea baiskeli yake ya kijani, ana chupa ya chai. Lori likapunguza mwendo. "Panda, Thadeus! Nafasi ipo!"

Nikamwambia nafanya mazoezi.

Makau akatoa kichwa dirishani. "Mazoezi ya nini, bwana?"

Nikainama nikaendelea kusukuma. Lori likaenda zake. Harufu ya chai ilibaki kwenye kona ile muda mrefu.

Wundanyi nilifika nikiwa na roho tu. Werugha kulikuwa na kungu zito hata gurudumu la mbele silioni. Mama mmoja amejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe akanisalimu kwa Kidawida, akanipita. Lakini kutoka pale njia inateremka, na mteremko ni rafiki wa mnyonge. Nikapanda baiskeli. Nikaiachia.

Ah, ule mwendo! Mawe, tope, upepo! Nyuma chuma kitupu, kila jiwe nililisikia kwenye uti wa mgongo. Kisha ikatokea kona. Nikabana breki. Zilikuwa zimelowa, zikaanza kufikiria kama kawaida yao. Nikabana kwa mikono yote miwili. Springi za mbele zikasujudu. Baiskeli ikasimama.

Mimi sikusimama.

Nilitua kwenye shamba la kabichi. Lilikuwa shamba la matuta ya ngazi, kwa hiyo nilitua tena kwenye ngazi ya chini. Ng'ombe akanitazama, akaendelea kutafuna. Mwenye shamba, mama mmoja aitwaye Rita, akaja mbio na jembe. Alizikagua kabichi kwanza, halafu mimi. Akaona damu gotini. Akanisafisha kwa maji ya moto na chumvi, akinigombeza muda wote, kisha akanionyesha njia ya mkato.

Nilifika shuleni mapumziko yamekwisha. Darasa la nane lote limepangwa mbele ya madarasa, wamepakwa mafuta usoni, wametulia. Basi, nimekwisha, nikajisemea. Mbuzi wa baba, narudi.

Ila Crispus hakuwa akipiga picha. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kichwa mikononi. Mwalimu Margaret amesimama pembeni, amekunja mikono.

Nikauliza kulikoni. Crispus akanipa kamera yake. Nikaitikisa. Ikalia kama njuga. Alishuka kwenye lori Werugha akaendesha salama salimini hadi shuleni, hakuanguka hata mara moja, lakini keria ile iko juu ya gurudumu la nyuma, na nyuma hakuna springi. Mawe yote ya Werugha yaliingia kwenye kamera.

Nikafungua shati. Nikafungua sweta ya kwanza, nikafungua ya pili. Kamera yangu ilikuwa nzima! Hata vumbi haina!

Nakiri hapa kwa siri kwamba nilitaka kucheka. Nilianza hata kufungua mdomo. Lakini kungu lilikuwa limefunika kiwanja chote, giza kama saa kumi na mbili jioni, na flashi yangu, niliyokuwa nimeitia mfukoni, ilikuwa imejaa maji ya kabichi. Bila flashi ningetoa picha arobaini za kungu.

Crispus akaona. Akainuka, akaitoa flashi yake begini, akanipa mkononi.

"Chukua," akasema. "Watoto wamengoja sana."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Basi nikapiga mimi, akapanga yeye. Kupanga anajua, lazima niseme. Alikunjua kola, alifuta pua, alimchekesha msichana mmoja, Wakio, ambaye hajapata kupigwa picha maishani na alikuwa akitetemeka. Sweta za shule zisizotoboka zilikuwa chache. Basi sweta moja nzuri ikawa inavuliwa na mtoto huyu inavaliwa na mwingine, na Crispus anamvika kila mmoja polepole kama anayevishwa joho. Hakuna mtoto aliyeona haya.

Baadaye Mwalimu akatuletea chai na viazi vitamu. Nikajieleza kwamba kazi ni ya aliyepiga. Crispus akasema kwa upole kwamba yeye ndiye aliyefika kwanza. Mwalimu akasema, "Ama nyinyi wawili, ama hakuna." Akaongeza kwamba kuna kabichi sikioni mwangu. Akacheka. Sijawahi kumwona akicheka. Anacheka vizuri sana.

Jumamosi, 13 Julai

Tulishuka jana na lori la Makau, juu ya kabichi, baiskeli mbili zimelala ubavu kwa ubavu. Hakuna aliyenisimanga. Makau aliniuliza tu kama mazoezi yalikwenda vizuri.

Leo tumesafisha filamu kwenye chumba cha giza cha Crispus. Picha zimetoka! Arobaini, zote safi. Wakio ametoka anatabasamu. Crispus aliiangalia ile picha, kisha akasema jambo. Kwamba tuunganishe studio. Mlango mmoja, majina mawili. Kwamba yeye ana flashi na subira, mimi nina kamera na, akatafuta neno, nina moyo.

Nikakubali. Tukapeana mikono. Akauliza kama naweza kuliacha pazia la maporomoko nyumbani. Hata hilo nikakubali.

Nimefikiri sana usiku huu. Mwenzako akikupa mkono umpe wako. Ushindani wa nini? Ujanja wa nini? Kuanzia leo mimi ni mtu mpya.

Jumapili, 14 Julai

Habari kubwa! Baada ya ibada nimesikia mzee mmoja akisema kule Kishushe wachimba mawe wamekuwa wengi, vijana watupu, wanataka picha za kutuma nyumbani kwao, na hakuna mpiga picha hata mmoja. Hata mmoja!

Mtu mpya angemwambia mwenzake mara moja. Nami nitamwambia Crispus. Nitamwambia Jumanne, nikisharudi. Afadhali apate habari iliyokamilika.

Flashi yake nimeichukua ili niijaribu. Yeye mwenyewe alisema ni yetu sote.

Nimepita kwa Bi Mwanatumu. Amepata ya kijani nyingine, akasema kwa hisani yake nimrudishie nyekundu tubadilishane, hataki cha kuongeza, roho yake itulie tu. Nimekataa kwa heshima. Kijani haionekani kwa mbali, na biashara ni kuonekana. Kijiti cha gia nimekifunga kwa waya. Fundi wa breki amesema ningoje hadi Jumatano, lakini Jumatano wachimbaji wanaweza kuwa wameshahama.

Isitoshe Kishushe si Werugha. Nimeuliza watu wawili, wote wamesema ni tambarare kabisa. Wa tatu alitaka kusema kitu, lakini nilikuwa na haraka.