Muuaji Mwenye Adabu Kupita Kiasi

Chang'ombe,
Dar es Salaam.
Septemba, 1956

Kwa Bwana Mtungaji wa mchezo wa redio uitwao "Mgeni wa Nyumba ya Bati", unaosikika kila Alhamisi jioni.

Bwana Mtungaji,

Nakuamkia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imenibakia kidogo na wenye kuidai ni wengi. Mimi ni Marijani bin Mfaume, fundi magodoro. Watu wa Chang'ombe wanaolala vizuri wanalala juu ya kazi ya mikono yangu. Tangu nizaliwe sijapata kumwandikia mkubwa yeyote kumlalamikia, si juu ya barabara mbovu wala juu ya maji ya bomba. Wewe ndiwe wa kwanza kunishikisha kalamu.

Redio ni yangu. Nimeiweka dirishani ikitazama barazani, na kila Alhamisi baada ya magharibi watu huja wakakaa juu ya magodoro ambayo sijamaliza kuyashona. Huja jirani yangu Bwana Projestus, mwalimu wa shule aliyetoka Bukoba, pamoja na mkewe Bibi Eufrazia. Mke wangu Zuena hukaa mlangoni na binti yetu Chausiku. Tumekusikiliza tangu siku ile tajiri wa minazi alipokutwa amenyongwa katika nyumba yake ya bati, na Sajini akaitwa kumtafuta muuaji. Hatukukosa hata mara moja. Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba sikuuelewa mchezo wako. Nimeuelewa, na ndiyo maana nalalamika.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Juu ya mpishi. Tangu mwanzo ulitufanya tumshuku mpishi wa tajiri. Ulimpa sauti ya kukwaruza. Kila alipotajwa, tulisikia kisu kinanolewa. Nikasimama mbele ya baraza nzima nikasema muuaji ni mpishi, na asiyekubali ainuke kwenye magodoro yangu. Bwana Projestus akasema kwa upole kwamba yeye anamshuku daktari wa tajiri. Nilimjibu kwamba vitabu vimemharibu. Nikawa nikipita njiani watu wananiita Sajini, nami naitika. Basi wewe ukamtoa mpishi kisimani akiwa maiti, naye Sajini wako akasema maskini huyu hakuwa na kosa lolote, kisu alikuwa akikinolea samaki.

Bwana, mtu aliyekwisha kuhukumiwa na baraza nzima hana ruhusa ya kufa bila hatia. Bwana Projestus hakunicheka. Alinishika mkono akanipa pole kama mtu aliyefiwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

2. Juu ya marehemu. Mke wangu ana moyo mwepesi. Tajiri alipozikwa na mchezo ukaendelea bila mtu yeyote kumsomea, Zuena alikosa raha. Alisema marehemu kaacha minazi yote ile, wala hana wa kumkumbuka. Mwishowe akataka tumfanyie hitima. Nilikataa siku mbili tatu, kisha nikaona ni thawabu. Tukapika wali, tukachinja kuku, tukamwalika mwalimu wa chuo cha Kurani. Yeye hakuuliza mengi. Alidhani tumefiwa na ndugu wa Rufiji. Hata Bibi Eufrazia, ambaye ni Mkristo, alileta mkungu wa ndizi akasema marehemu alikuwa mtu wa watu.

Alhamisi iliyofuata mlango wa nyumba ya bati ukafunguliwa, na tajiri akaingia akikohoa kile kikohozi chake, akauliza kama kuna chai.

Kumbe alikuwa Tanga. Kumbe aliyenyongwa ni pacha wake, ambaye muuaji alidhani ndiye tajiri mwenyewe. Pacha! Muda wote ule hukututajia pacha. Hata mkunga, Bwana, akiona kuna wa pili husema palepale, hangoji mpaka watoto waoe. Zuena alilia, sijui kwa furaha au kwa sababu ya wale kuku. Mwalimu huyo wa chuo alipopata habari aliniambia kwamba dua haipotei, ila wali umepotea, na tangu hapo akipita kwangu huharakisha mwendo.

3. Juu ya mkono wa kisimani. Ulipotusikilizisha kucha zikikwaruza mawe ya kisima, Bibi Eufrazia alilikumbatia godoro la bibi harusi mmoja wa Keko kwa nguvu zote alizojaliwa. Likapasuka. Usufi ulijaa baraza nzima, tukapiga chafya mpaka mchezo ukaisha. Nililijaza upya. Hilo nimekusamehe.

4. Juu ya mpwa. Hili sikusamehe.

Ulituletea mpwa wa tajiri, mtoto wa dada yake yule anayemletea chai ya tangawizi. Kila alipoingia alisema, "Shikamoo, mjomba," kwa sauti ya mtu anayemfunika mtoto shuka. Alimpepea mjomba wake alipokuwa na homa. Aliwalisha kuku walioachwa na marehemu mpishi. Zuena alisema katika redio nzima hakuna mtu wa maana ila huyo kijana, nami nilikubaliana naye. Basi siku ile Sajini akazima taa akajificha nyuma ya pazia. Mlango ukalia. Tukasikia kamba ikiburuzwa sakafuni, halafu ile sauti ya shuka: "Shikamoo, mjomba." Sajini akamrukia, na kijana akakiri papo hapo. Aliyemuua pacha ni yeye. Aliyemuua mpishi ni yeye.

Barazani hapakuwa na aliyeinuka. Nilikwenda kulala nikiwa nimefunga milango miwili, mmoja ukiwa wa banda la kuku.

Sasa nisikilize vizuri. Binti yangu Chausiku ameposwa na kijana aitwaye Nassibu, fundi baiskeli wa Temeke. Posa nilikwisha ipokea na siku ya ndoa ilikwisha tajwa. Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nimeinama nachambua usufi, nikasikia nyuma yangu, taratibu kabisa, "Shikamoo, baba."

Nikageuka. Nassibu alikuwa amesimama, anatabasamu, mkononi ameshika kamba.

Ni kweli kwamba mimi mwenyewe nilimwomba aje na kamba, anifungie godoro kwenye baiskeli alipeleke kwa mteja wa Mtoni. Lakini mpwa naye alikuwa na sababu nzuri kwa kila jambo. Nilimwuliza Nassibu jana jioni alikuwa wapi. Akasema alikuwa kwa mama yake, anampikia uji kwa sababu anaumwa. Unaona? Nilimwuliza kama amewahi kugombana na mtu yeyote. Akafikiri sana, akasema hakumbuki. Godoro nililipeleka mwenyewe, kichwani, kwa miguu, mpaka Mtoni.

Jioni nilimwita mshenga nikamwambia harusi isubiri mpaka mchezo wa redio uishe. Aliniuliza kijana amekosa nini. Nikamjibu kwamba hajakosa kitu, na hilo ndilo linalonitisha. Mshenga ni mtu mzima. Aliomba maji, akanywa, akaenda zake bila kuaga.

Chausiku hakulia. Aliniwekea chakula, akaketi mbele yangu, akasema, "Baba, kama ulitaka mkwe asiye na adabu, ungesema mapema. Walikuwapo wengi." Tangu wakati huo haongei nami ila kwa kumpitia mama yake, hata nikiwa nimekaa naye mkeka mmoja. "Mama, mwambie baba chumvi hiyo hapo." Ni mtoto wangu wa pekee, Bwana. Nyumba yangu ina redio inayosema na binti asiyesema, na yote mawili nakudai wewe.

Bwana Projestus alikuja kunisihi. Alieleza kwa utaratibu kwamba yule wa redioni si muuaji, ni mtu na kazi yake, anasoma maneno aliyoandikiwa, na jioni anakwenda nyumbani kula kama sisi. Nikamwuliza: ikiwa mtu mwema aweza kujifanya muuaji vizuri namna ile kwa kusoma tu, je, muuaji atashindwa kujifanya mwema? Tangu hapo akaanza kumtazama mkewe kwa namna ambayo sikuipenda. Nasikia siku hizi chai anajipikia mwenyewe.

Ndipo Chausiku na mama yake wakafanya shauri lao. Jumapili nikamwona Nassibu anakuja. Hakunipigia shikamoo. Alipanda barazani na viatu vyake, akaketi juu ya godoro jipya, akasema, "Mzee, lete maji." Nikaleta. Akanywa, hakushukuru. Nakwambia kweli, moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza. Nilijiona nina mkwe wa kawaida kama watu wengine. Lakini alipofika njiani adabu ikamshinda. Alirudi mbio, akalipangusa godoro kwa kanzu yake mwenyewe, akaniomba radhi huku machozi yanamlenga, akasema ameambiwa afanye vile.

Nilikaa nikafikiri. Mtu anayeweza kubadilika hivyo kwa siku moja, tena mara mbili, ni hatari kuliko mpwa. Mpwa alibadilika mara moja tu. Nikampelekea mshenga habari kwamba harusi haisubiri tena, imekufa.

Zuena hajanigombeza. Amehamishia mto wake chumbani kwa Chausiku.

5. Kwa hayo yote naomba mambo manne, nami naona si makubwa. Kwanza, mchezo huu ukomeshwe mara moja, kabla haujavunja ndoa za watu wa Kinondoni na Magomeni pia. Pili, katika michezo mingine muuaji atajwe mwanzoni kabisa, pamoja na pacha wote waliopo, ili watu wenye kazi wajue la kushika. Tatu, wauaji wakatazwe kusema shikamoo. Neno hilo waachiwe watu wanaotafuta wake. Nne, uniletee hati yenye muhuri wa ofisi yenu, inayosema kwamba Nassibu, fundi baiskeli wa Temeke, hajaua mtu, wala hana nia, wala hamjamwandikia kuua siku za usoni. Ukikawia, nitapanda ngazi mpaka kwa Bwana Gavana, na nitakwenda na Zuena, ambaye ukimsikia akieleza habari za hitima utajuta kujifunza kuandika.

Nisalimie wenzako wote hapo kazini. Msalimie Sajini, mwambie anajitahidi ila asizimezime taa. Msalimie tajiri, na umwambie kikohozi kile asikipuuze. Watoto wa yule mpishi, kama anao, wape pole yangu. Nilimdhania vibaya baba yao. Bwana Projestus na Bibi Eufrazia wanakusalimu, kila mmoja mbali na mwenzake.

Ndimi katika kukosa usingizi,
Marijani bin Mfaume,
Fundi Magodoro.

Baada ya sahihi: Bwana Mtungaji, sikuwahi kuitia barua hii posta, na Alhamisi imepita, leo ni siku ya tatu. Tumesikiliza. Naomba yote niliyoandika hapo juu uyafute kwa wino wako, kwa kuwa wangu umekwisha.

Kumbe mpwa hakuua mtu! Kumbe alikiri ili kumwokoa mama yake mzazi, yaani yule dada wa tajiri aliyekuwa akileta chai ya tangawizi, na sisi sote tukimsifu. Kamba alikuwa amempokonya mama yake, anakuja kumwonya mjomba. Bibi Eufrazia alilia juu ya godoro jingine. Mimi sikungoja nyimbo za mwisho. Nilikwenda Temeke palepale, nikamkuta Nassibu anaziba pancha, nikamwambia, "Mwanangu, nimekusamehe." Hakuuliza nimemsamehe nini. Alisema tu, "Ahsante, baba," na safari hii ile sauti niliipenda. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Chausiku ameniambia "shikamoo" mwenyewe, bila kumpitia mtu, na mto wa Zuena umerudi.

Kwa hiyo mchezo usikomeshwe hata kidogo. Ikiwezekana uongezwe, usikike na Jumatatu pia.

Ila kuna jambo moja dogo, tena nalisema kwa siri. Anayekuja kutupikia chakula cha harusi ni dada yangu mkubwa kutoka Kisiju. Amekwisha fika. Ni mcheshi, ananipenda sana, na tangu aingie humu ananiletea chai ya tangawizi kila jioni bila kuombwa. Chai hiyo naimwagia mnazi. Nakusihi unijibu upesi kabla ya Jumamosi. Kwa sasa nimewaambia watu wa nyumbani kwamba pilau yote atapika Nassibu mwenyewe, bwana harusi, kwa kuwa katika ukoo mzima ndiye pekee aliyesafishwa na redio.