Garimoshi Lisilo na Moto

Jumatatu, 14 Julai 2025
Bahati yangu! Mama Shamimu, mwenye kiwanda cha pamba, kapiga marufuku trekta. Cheche zake zimeunguza marobota. Kazi ya kuyavuta hadi ghalani anataka kumpa Nassibu na maksai wake. Nassibu! Hajui hata kukaza nati. Mimi Mihayo, fundi wa kuchomelea, ninayo dawa: garimoshi lisilo na moto. Zamani viwanda vyenye vitu vya kuwaka viliyatumia. Unajaza tangi maji moto na mvuke kutoka boila ya kiwanda, unaondoka. Hakuna cheche! Mke wangu Lusia kauliza, mvuke ukiisha njiani? Nimemwambia asiniletee nuksi.

Jumatano, 16 Julai
Nimeshaliunda, limekaa kwenye reli za zamani za kiwanda ziendazo ghalani. Linapendeza! Abdulhalim wa boila kaonya kwamba likisimama linapoa, nisichezee mvuke. Ananiona mtoto? Nimefunga honi ya mvuke. Kubwa.

Ijumaa, 18 Julai
Siku ya majaribio. Mama Shamimu kasema nikifika ghalani kazi ni yangu. Likaondoka! Bila moshi! Machozi yalinitoka. Nikapiga honi. Nikapiga tena.

Nusu ya njia, kando ya reli, nani? Mzee Masele, baba yake Lusia, na wazee wenzake wa ushirika. Nimpite mkwe wangu nimekaa juu kama mfalme? Laana! Nikafunga breki, nikashuka, nikaamkia. Kauliza nyumbani. Mhola, salama kwa Kisukuma. Watoto. Mhola. Mahindi, mbuzi, ndama mwenye jicho bovu. Mhola, mhola. Kisha mzee wa pili, naye akaanzia nyumbani.

Niliporudi, tangi lilipumua mara moja, likanyamaza. Kimya! Nassibu akaja na maksai, akavuta garimoshi, marobota na mimi juu yake. Naye alisimama akaamkia wazee wote, taratibu kabisa. Maksai hawapoi. Mama Shamimu kampa kazi palepale. Nimeumia sana.

Jumamosi, 19 Julai
Lusia anasema salamu za baba yake zingesubiri nifike ghalani. Abdulhalim anasema honi ndiyo iliyomaliza mvuke. Hawajui kitu! Kosa ni tangi dogo. Nimepata la lori la maji, litatosha salamu za ukoo mzima, na honi mbili. Mama Shamimu akiliona atabadili mawazo. Shida ni kulifikisha kiwandani tu, ni zito mno.

Nimemwomba Nassibu maksai.