Rimoti Moja kwa Nyumba Moja

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Bado nikiandika "mume wangu" kalamu inarudia yenyewe. Mume wangu. Mume wangu. Basi, yatosha.

Kuna tatizo. Mume wangu alijigamba mbele ya mama yake kwamba nyumbani kwetu rimoti moja itatawala kila kitu. Akaiunganisha kompyuta na ile TV kubwa tuliyopewa na Mama huyohuyo siku ya harusi. Rimoti inaiambia kompyuta, kompyuta inakiambia king'amuzi kwa waya mwembamba wenye kitaa kidogo nchani, kama punje ya mtama, na chaneli inabadilika. Ndivyo alivyonieleza. Macho yake yaling'aa sana hata nikasahau kusikiliza mwisho.

Haibadiliki. Leo siku ya tisa tunatazama bei za mifugo. Rimoti ya king'amuzi chenyewe ameifungia kwenye droo. Kuitumia, anasema, ni kunyoosha mikono.

Mama kapiga simu. Shemeji, mdogo wake mume wangu, ameshampelekea maneno. Mama atakuja Jumamosi saa kumi kutazama kipindi chake, chaneli ya 12. Asipokiona kwa hiyo rimoti moja, TV inahamia kwa shemeji, "ambaye hana mdomo mrefu."

Mume wangu kala vijiko vinne tu. Roho imeniuma. Nimeapa kuitengeneza mwenyewe, kimyakimya, iwe zawadi. Fizikia nilipata C, tena C ya juu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa fundi simu wa kona. Nikasema shida ni ya jirani. Akasema jirani aelekeze rimoti kwenye kamera ya simu, abonyeze, atazame kioo. Akaongeza kwamba jirani huyo anaonekana ana haraka sana.

Nikarudi nusu mbio. Nikabonyeza. Kwa macho, hakuna kitu. Kwenye simu, mwanga! Mweupe wenye uzambarau, kama ua la mbilingani. Kumbe chumba hiki kila jioni kinapitiwa na mwanga na sisi tumekaa tu. Nikakaa sakafuni nikiuwasha na kuuzima mpaka sufuria ikaungua. Nikaukinga kwa kiganja: hakuna. Kwa mtandio wangu mwepesi: unapenya. Kwa kitambaa nilichofuma kwa uzi mnene: kimya.

Hapo nikageukia kompyuta. Kitambaa kama hicho, chenye mawaridi sita, nimekitandika juu ya kompyuta. Mawaridi mawili yananing'inia mbele, palepale kwenye jicho la kupokea. Siku kumi! Mume wangu kabadilisha betri mara tatu.

Nimekiondoa. Sitasema. Ndoa changa haihitaji kujua kila kitu.

Jumatano, 5 Machi

Kompyuta sasa inasikia. Nikibonyeza, inapepesa. King'amuzi bado kiziwi.

Nilikuwa nimelala kifudifudi namulika uso wake kwa tochi, nitafute jicho lake liko wapi, shemeji akaingia na futi kamba. Hata hodi aliipiga akiwa ndani. Akaanza kuipima TV.

"Usinyanyuke, shemeji," akasema. "Mia moja na kumi. Ukutani kwangu inaingia kama imezaliwa pale."

Nikamwambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Akasema sawa, ila yeye misumari ameshapigilia. Nikamkaribisha chai. Bila sukari. Akamaliza vikombe viwili, akasifu.

Alipotoka nikaliona jicho la king'amuzi: doti jeusi upande wa kulia. Mume wangu alikibandika kitaa upande wa kushoto, chini kabisa, mahali pa kupendeza. Mtu mwenye jicho la uzuri kama lile, si ajabu alinichagua mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebandua kitaa. Nikanunua gundi ya viatu, ile kali. Kilibandika vizuri sana. Kwenye ukucha wangu.

Saa mbili nzima nimefungwa kwa waya kwenye kompyuta kama mbuzi kwenye kigingi. Nilipojaribu kamera, kidole changu kiliwaka mwanga ule wa siri. Kwa kweli kilipendeza. Nilikipiga picha.

Nikakibandua kwa mafuta ya taa, nikakirudisha king'amuzini kwa utepe uliokuwa ukilegealegea, nikajaribu. Bei za ng'ombe. Nikajaribu tena. Bei za mbuzi. Nimeshindwa.

Mume wangu kaniuliza ukucha una nini. Nikasema ni mtindo. Akaubusu, akakunja uso kwa harufu, akaubusu tena. Kwa mwanamume kama huyu hata udanganyifu ni ibada. Nimepata mpango.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango: ufunguo wa droo uko mfukoni mwa suruali yake ya kijivu. Nimeichukua rimoti ya king'amuzi. Kesho nitakaa pembeni ya Mama, nimeificha mapajani chini ya mtandio. Yeye akibonyeza yake, mimi nabonyeza yangu. Mama anaona kipindi, mume wangu anaona muujiza, mimi naona mapenzi.

Nimefanya mazoezi bila kutazama. Moja iko juu kushoto, mbili inafuata. TV sikuwasha, nisije nikaharibu bahati.

Jambo la ajabu: mume wangu aliamka alfajiri akasema anapiga deki sebule. Nilisikia kochi likisogezwa, na kitu kama utepe ukichanwa. Akarudi kitandani anatabasamu. Wanaume wangapi wanapiga deki? Nilitokwa na machozi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama alifika saa kumi kasoro dakika tano. Shemeji nyuma yake, kabeba blanketi. Nje, mkokoteni.

Mama akaketi, akavaa miwani, akapewa rimoti. Mume wangu akanikonyeza. Nikamkonyeza.

Mama akabonyeza moja. Nikabonyeza moja. Ikatokea 11: mtu anauza pampu za maji. Mume wangu akashtuka. Mama akabonyeza mbili, nami mbili. 22: katuni. Shemeji akakunjua blanketi.

"Rudia, Mama," mume wangu akasema. "Taratibu."

Mama akarudia taratibu. Nami taratibu. Pampu. Akarudia haraka. Katuni. Akaongeza sauti, nikaongeza, vyombo vikalia kabatini. Mume wangu akapiga magoti mbele ya king'amuzi, anakibembeleza kama mtoto mwenye homa. Jasho lilimtoka. Nami nikazidisha bidii.

Mama akashusha miwani. Akaniuliza, kwa upole mkubwa, "Mwanangu, mbona mtandio wako unarukaruka?"

Akaufunua mwenyewe.

Nikasema ukweli wote, hata wa mawaridi. Hapo mume wangu akasema wake: jana alfajiri alikibandika kitaa sawasawa juu ya jicho, ila akanificha, iwe zawadi yangu. Mitambo ilikuwa inafanya kazi tangu alfajiri hiyo. Kila namba king'amuzi kilikuwa kinaambiwa mara mbili.

Tukatazamana. Nilitaka kumkumbatia mbele za watu.

Nikaweka rimoti yangu mezani. Mama akabonyeza peke yake, ikaja 12. Akatazama kipindi chake mpaka mwisho. Kisha akasimama.

"Nilisema rimoti moja," akasema. "Mimi nimeona mbili. Baba, shika upande ule."

Shemeji akashika. Sentimita mia moja na kumi zikatoka mlangoni zimevikwa blanketi.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya ishirini na sita. Tumeunga kompyuta kwenye kioo chake cha zamani, kidogo kama sinia la chai. Ili tuone sote inabidi shavu liguse shavu. Sijawahi kutazama vizuri hivi. Mume wangu amenihakikishia kwamba kuanzia sasa hatutafichana chochote. Nikaapa naye, mikono imeshikana.

Ila nimewaza. Shemeji ameitundika TV ukutani, inatazamana na dirisha la barabarani, na pazia halishushi, wapita njia waone. Rimoti yetu moja inaiwasha na kuizima TV yenyewe, na bado inaiamuru. TV haijui kwamba imehama. Na jana nilijaribu kwa simu: mwanga ule unapita kwenye kioo cha dirisha bila shida. Basi kesho saa kumi na moja napita pale, naizima. Kesho kutwa naizima tena. Wiki haitaisha ataamini ina mashetani, aturudishie kwa mkokoteni uleule.

Mume wangu, akifunga vifungo vya shati asubuhi, aliniuliza kama nafahamu iwapo mwanga ule unapita kwenye kioo. Nikasema sijui, kwani vipi? Akasema anauliza tu. Kesho atachelewa kidogo, ana shughuli karibu na kwa mdogo wake, mnamo saa kumi na moja. Hata udadisi wetu ni mmoja, pete na kidole!

Sitamwambia. Iwe zawadi.

Tatizo ni rimoti tu, siioni mezani. Itakuwa imeangukia nyuma ya kochi.